Safari ya kwanza kwenye matumbawe ya Malindi, kwa asiyejua kuogelea

Kama hujui kuogelea kabisa, wewe ndiye ninayekuandikia. Kazi yangu ni kufundisha wanawake na wasichana kuelea majini hapa Malindi, na wakishazoea napanda nao boti kwenda kuona matumbawe. Wengi wao wamezaliwa mitaa ya hapa, Shela, Maweni au Barani, wamekula samaki wa bahari hii tangu utotoni, na hawajawahi kumwona akiwa hai mahali anapoishi. Jambo hilo linaniuma. Hifadhi ya bahari ya Malindi ilianzishwa 1968, pamoja na ya Watamu, zikiwa za kwanza nchini Kenya, na mpaka leo ukitembea ufukweni Casuarina utasikia "ciao" ya Kitaliano kabla ya "hujambo". Wenyeji wamejiaminisha kwamba boti ya kioo, ile yenye kioo sakafuni cha kutazamia chini, ni ya mgeni. Si ya mgeni. Mama wa Maweni mwenye miaka sitini anaweza kwenda na kurudi salama, na nitaeleza namna.

Nikitakiwa kufundisha jambo moja tu, nitafundisha kupumua. Jaketi la kuokolea maisha litakuelesha, kamba itakushika, baharia atakuwa kando yako. Kitu ambacho hakuna mtu atakufanyia ni kuvuta pumzi polepole kwa mdomo huku uso wako umo majini. Anza nyumbani wiki moja kabla. Jaza karai la maji safi, ingiza uso mpaka masikioni, toa pumzi polepole kwa mdomo uone mapovu yakipanda, inua kichwa, vuta, rudia. Siku ya kwanza utashtuka na kutoa uso mapema. Endelea kila jioni mpaka moyo usiende mbio uso ukigusa maji. Waliofanya zoezi hili huingia baharini wakiwa wametulia, na wasiolifanya hupoteza nusu ya muda wao wakigombana na mrija wa kupumulia.

Siku ya kwenda usiichague kwa kuangalia likizo peke yake. Angalia mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, na siku hizo pamoja na mbili tatu zinazofuata bahari hupwa sana, tofauti ya kujaa na kupwa ikikaribia mita nne. Kwa pwani yetu hii, kupwa kwa bamvua huangukia katikati ya asubuhi, kama saa nne mpaka saa tano, kisha kila siku husogea mbele karibu dakika hamsini. Kwa anayeanza, huo ndio wakati ninaoupenda. Mwamba wa nje hukata mawimbi, maji ya ndani hutulia, mwanga wa jua unafika mpaka chini, na fungu la mchanga hujitokeza kiasi cha kusimama na kupumzika. Siku za maji mafu, kati ya bamvua moja na nyingine, mkondo ni mdogo, jambo zuri, lakini asubuhi yake bahari huwa imejaa na matumbawe yanakuwa mbali chini yako. Mtu mwoga akitazama kina hicho hushikwa na kizunguzungu ingawa anaelea vizuri.

Nahodha mzuri hukwambia saa ya kuondoka mwenyewe. Ukimwambia unataka saa saba mchana naye akakubali bila kuuliza ni siku gani, tafuta mwingine.

Msimu nao una maneno yake. Kusi, upepo wa kusini, ikivuma, hasa Juni mpaka Agosti, bahari inachafuka na boti hurukaruka, anayeanza asubiri. Oktoba, wakati wa matlai, upepo ukiwa mwepesi, bahari hulala. Februari na Machi, kaskazi, upepo wa kaskazini, inapoishia, maji huwa ya kupendeza kuliko wakati wowote mwingine. Katikati hapo kuna Sabaki. Mto huo unamwaga maji baharini kaskazini mwa mji wetu, na mvua za vuli zikinyesha bara unashuka na udongo mwekundu. Kaskazi inausukuma udongo huo kuja kusini, kwenye ghuba yetu na hifadhini. Ndiyo maana Novemba au Desemba unaweza kukuta bahari ya rangi ya chai ya maziwa, na mtu wa Nairobi akarudi amekasirika akidhani amedanganywa.

Udongo huo wenyewe una historia. Wanasayansi walitoboa tumbawe moja hapa Malindi lenye umri wa takriban miaka 300 na kusoma tabaka zake moja baada ya nyingine. Waliona wazi kwamba mchanga wa Sabaki uliongezeka sana mwanzoni mwa karne ya 20, ardhi ya bara ilipoanza kulimwa kwa wingi. Kwa hiyo mkulima wa Machakos anayechimba matuta shambani kwake anatulindia matumbawe, na hajui. Ukikuta maji machafu, usilazimishe. Ahirisha wiki moja, au panda matatu uende Watamu, mwendo wa nusu saa hivi, ambako udongo wa Sabaki hauwasumbui sana.

Boti utazipata Casuarina, penye lango la hifadhi. Kutoka mjini ni tuktuki tu. Vijana watakuzunguka. Wasikilize kwa upole, kwa kuwa ndiyo riziki yao, lakini usitoe pesa mpaka umeiona boti yenyewe kwa macho. Tazama mambo haya: ina kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Majini cha mwaka huu? Jaketi ni ngapi, na watu ni wangapi? Jaketi livae pale pale ufukweni, vuta kifungo, mwambie mwenzako akuinue kwa mabega yake. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa kwako. La mtoto lazima liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Kisha uliza kama kuna ngazi. Boti isiyo na ngazi haimfai mama mwenye mwili wala mzee, maana kushuka ni rahisi na kupanda ndiko kunakomshinda mtu. Hapo ndipo nimeona watu wakivutwa kwa mikono kama gunia huku wakilia, na hawakurudi tena.

Bei isemwe yote mwanzoni. Ni ya boti nzima au ya kichwa? Miwani na mrija vimo? Ada ya hifadhi imo? Ada hiyo ni ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, si kwa noti mkononi, kwa hiyo simu yako iwe na chaji na pesa, na ubebe kitambulisho ili ulipe bei ya raia. Ukiambiwa "nipe mimi nitakulipia", omba uone risiti.

Sasa mavazi, na hapa dada zangu nawaomba mnisikilize. Msiingie majini na dera. Dera likilowa linakuwa zito, linapanda juu, linafunga miguu, na mtu anayeanza kuhisi miguu imefungwa hupiga kelele. Vaa suruali ya kubana ya mazoezi na fulana ya mikono mirefu inayokaa mwilini. Mtandio uwe ule wa kuvuta kichwani usio na ncha za kupepea, na ufungwe kabla ya miwani, kisha uusogeze nyuma kidogo usikae chini ya ukingo wa miwani. Hata uzi mmoja utapitisha maji. Dera likungoje ndani ya mfuko usioingia maji, pamoja na leso mbili. Mikono mirefu inakusitiri na pia inakukinga na jua. Ngozi nyeusi inaungua, hasa mgongo na nyuma ya magoti, kwa sababu utakuwa umelala kifudifudi saa nzima bila kuhisi joto. Ukijifunika hivyo hutahitaji kujipaka mafuta mengi ya jua, ambayo baadhi yake yana kemikali zinazodhuru matumbawe.

Maji ya kunywa yatie kwenye chupa ya kudumu. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi zote za taifa tangu Juni 2020, na bahari imo.

Kula, lakini kidogo. Uji, ndizi, mkate mkavu na chai ya tangawizi isiyo na maziwa. Mahamri na mbaazi za nazi ni chakula kitamu, ila havifai asubuhi hii. Vitapanda na kushuka pamoja na boti. Kigegezi kikianza, usiingie chini ya kivuli ukainamia simu. Kaa katikati ya boti, mbali na moshi wa mashini, utazame mbali pale mbingu inapokutana na maji. Usiinamie kile kioo cha sakafuni wakati boti inakwenda. Mambo yote utayaona vizuri zaidi ikitia nanga au ikifungwa kwenye boya. Ukiona kutapika hakuna budi, enda demani, upande ambao upepo unaelekea, usikurudishie. Hakuna aibu, mabaharia wameona mengi. Na ukishatapika, maji ya bahari yenyewe hutuliza; wengi hupona wanaposhuka.

Kabla hamjaondoka, mwambie nahodha ukweli wa mwili wako. Pumu, presha, kifafa, mimba, moyo. Mwenye pumu ampe baharia kipuliza chake kiwe mkononi mwake na si chini ya begi. Na mwambie kwa sauti, "mimi sijui kuogelea". Watu huficha hili kwa haya, na ndilo jambo la kwanza ambalo baharia anahitaji kulijua.

Mwendo kutoka ufukweni mpaka bustani ya matumbawe si mrefu. Nahodha ataifunga boti kwenye boya la hifadhi. Nanga ikitupwa juu ya matumbawe huyavunja, kwa hiyo ukiona anataka kuitupa palipo na mwamba, mwulize bila woga. Boti ikitulia ndipo miwani igawiwe.

Miwani ijaribu bila mkanda. Iweke usoni, vuta pumzi kwa pua, achia mikono. Ikibaki imeng'ang'ania, ni yako. Ikianguka, omba nyingine, usikubali maneno ya kwamba mkanda ukikazwa itakaa. Mkanda ukikazwa sana ndio huvujisha. Mwanamume mwenye masharubu mazito atavujiwa kidogo tu, avumilie. Kioo kisifanye ukungu, temea mate ndani, sugua kwa kidole, suuza mara moja kwa maji ya bahari, kisha usikiguse tena. Mrija nao: midomo izibe pande zote, meno yashike vile vipande viwili vidogo kwa wepesi. Wengi huuma kwa nguvu mpaka taya linauma kabla hawajaona samaki hata mmoja.

Usiruke. Shuka ngazi ukiitazama boti, shika kamba, na kaa hapo. Sehemu hii usiharakishwe na mtu yeyote, hata kama wenzako wameshafika mbali. Maji yatakufika kifuani, mwili utataka kuvuta pumzi fupi fupi. Hiyo ni kawaida ya kila mtu. Jaketi limeshakubeba. Shika kamba kwa mkono mmoja, weka uso majini, na kumbuka karai lako: vuta polepole, toa polepole zaidi. Pumzi kumi hivyo bila kwenda popote. Mara ya kwanza sauti ya pumzi yako ndani ya mrija itakuwa kubwa kuliko ulivyotarajia, na ikitulia ndipo utajua nawe umetulia.

Maji yakiingia kwenye mrija, usimeze na usitoe mrija kwa haraka. Puliza mara moja kwa nguvu, yataruka juu. Yakiingia kwenye miwani, inua kichwa, vuta ukingo wa chini kidogo, yamwagike. Ukishindwa vyote, lala chali. Jaketi litakushika uso juu, pumua, angalia mawingu, kisha uanze tena.

Alama za mikono mziafikiane kabla. Kiganja juu ya utosi maana yake niko salama. Kupunga mkono mmoja hewani maana yake njoo unichukue. Kwa hiyo usimpungie mkono mumeo aliyebaki botini kwa furaha, utawarusha mabaharia majini.

Baada ya hapo baharia atakuvuta kwa boya la mviringo, wewe ukilala tu na kutazama. Miguu iiache nyuma imenyooka. Anayepiga teke kama anayepanda baiskeli huchoka upesi, hutibua mchanga, na huvunja matumbawe. Usisimame mahali penye matumbawe hata kama ni futi tatu tu. Lile unaloliona kama jiwe ni kundi la wanyama wadogo, na tumbawe la mviringo hukua kama sentimita moja kwa mwaka; lenye ukubwa wa sufuria ya pilau limechukua miaka mingi kufika hapo. Joto la bahari la El Niño ya 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya. Yanayoonekana leo ni yaliyosalia na yaliyoota tena kwa shida. Utakuta sehemu nyeupe na za kijivu zilizokufa, na sehemu zenye uhai za kahawia, kijani na zambarau. Nisikudanganye kwamba yote yanameremeta kama kwenye picha.

Samaki, hata hivyo, watakushangaza, kwa sababu ndani ya hifadhi uvuvi hauruhusiwi na hawana haraka ya kukimbia. Utamtambua changu uliyemzoea kwenye karai, tasi wakila kwa makundi, kangaja na mkia wake wenye ncha kali, kitatange bapa wa manjano wakitembea wawili wawili. Tazama chini ya mwamba, polepole, chewa yuko hapo amekaa anakutazama wewe. Palipo na mchanga pana samaki taa, ukiwa na bahati utapata kasa akila majani. Mtafute pia yule samaki mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mikanda myeupe. Hujificha katikati ya mikono laini ya mnyama aliyejishika mwambani, mikono ambayo ingemchoma samaki mwingine.

Nyamaza usikilize. Kuna mlio mfululizo kama mafuta yanayokaanga; ni kamba wadogo sana wanaobana koleo zao. Na kuna kishindo kikavu cha kutafuna, hicho ni pono. Anaguguna mwamba kupata mwani, na jiwe alilosaga hutoka nyuma yake likiwa mchanga mweupe. Mimi humwonyesha kila mwanafunzi pono akitoa mchanga, na baada ya hapo hakuna anayeutazama ufukwe kwa macho ya zamani.

Mabaharia wengine watakupa mkate uwarushie samaki. Ukatae. Samaki wa milia watakuja kwa wingi na picha itapendeza, lakini mkate si chakula chao. Huwavuta wachache wakorofi, hufukuza wengine, na wale walao mwani huacha kazi yao ya kusafisha matumbawe. Wengine hung'ata vidole. Mwambie baharia kwa heshima, "kaka, leo tuwatazame tu," na mpe bahashishi yake kwa kukuonyesha chewa. Kombe na simbi pia ziache zilipo. Kutoa chochote hifadhini ni kosa kisheria, na kombe tupu ni nyumba ya kaa.

Vya kuogopwa ni vichache na vyote vina dawa ya kutosogelea. Wale wadudu weusi wa mviringo wenye miiba mirefu hawakufuati, wewe ndiye utakayewakanyaga kwenye maji mafupi, kwa hiyo vaa viatu vya mpira ukitembea. Ukichomwa, usichimbe mwiba kwa sindano. Huku kwetu hupakwa utomvu wa papai bichi; mimi huongeza kuloweka mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika, na maumivu hupungua. Samaki anayefanana na jiwe ni hatari zaidi. Akikuchoma, maji ya moto hivyo hivyo, kisha hospitali moja kwa moja, si kusubiri jioni. Yavuyavu, wale viumbe laini wanaoelea na kuchoma, wakionekana wengi, mwambie nahodha msogee.

Toka majini kabla hujachoka. Midomo ikitetemeka au vidole vikianza kufa ganzi, muda wako umekwisha, hata kama ulilipia saa mbili. Mtoto huhisi baridi kabla yako na hatasema. Mtoe baada ya muda mfupi, apashwe joto na leso kavu, kisha arudi akitaka. Kupanda ngazi subiri boti ishuke na wimbi, shika, panda ikiinuka. Ukiwa umevaa mapezi ya miguuni, mpe baharia kwanza.

Na aliyefika mpaka pale akashindwa kushuka, abaki kwenye kioo bila kunung'unikiwa. Ataona pono, ataona kitatange. Nina wanafunzi walioshuka safari ya tatu au ya nne, na mmoja wao sasa hunisaidia kuwashika wageni mkono. Mkirudi ufukweni osha uso kwa maji baridi, kunywa dafu, kausha masikio kwa ncha ya leso, si kwa kijiti. Yakibaki na maji na kuuma mpaka kesho yake, nenda kliniki. Kisha mwulize nahodha bamvua ijayo ni lini, umwekee nafasi dada yako.